NENO LA JUMA: Chuma cha mbele ya treni

Juma hili neno letu linatoka katika Kiingereza: cowcatcher. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Cow ni ng'ombe, catcher ni mwenye kukamata. Basi ni "mkamata-ng'ombe". Ndilo jina la kile chuma chenye umbo la jembe kinachofungwa chini, mbele ya kichwa cha treni.

Neno hilo lilizaliwa Marekani katika miaka ya 1830. Reli nyingi za kule hazikuwa na uzio, na ng'ombe walipita juu yake wakitafuta majani. Ng'ombe mmoja akiingia chini ya magurudumu, treni inaweza kutoka njiani na kuua watu.

Lakini jina hilo linadanganya. Chuma hakimkamati ng'ombe. Kinamsukuma kando, na mara nyingi anakufa. Hakikuwekwa kwa kuokoa mnyama. Kiliwekwa kwa kuokoa treni.

Sisi tunaokaa karibu na reli, Kamina, Kindu au Kalemie, tukumbuke jambo hili. Treni nzito haisimami mara moja, hata dereva akifunga breki kwa nguvu zote. Kwa hiyo tusianike mihogo juu ya reli, wala tusitandike biashara yetu hapo. Mtoto mdogo asitumwe peke yake kufuata mbuzi ng'ambo ya njia ya treni. Mwenye kumkamata mtoto kabla ya hatari ni mkono wa mzazi. Chuma hakijui kukamata.