Eti Gemu la Kujificha ni la Waoga? Staa Wetu, Panda Basi Uje Rujewa

Leo sina picha ya staa ufukweni wala habari ya nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya gemu, kwa hiyo kama umekuja kutafuta ubuyu wa mapenzi pita tu, kesho utaukuta.

Kuna huyu jamaa wa Dar anayerusha gemu laivu. Jina nalihifadhi, ila mnamjua wenyewe: kofia kaigeuza nyuma, kiti chekundu kama cha rubani, na kila akifa kwenye gemu anasingizia mtandao. Juzi kati alikuwa laivu, mtu akamuuliza mbona hachezi zile gemu za kunyatia, za jasusi kupita gizani na bunduki yenye kizuia sauti. Jamaa akacheka sana. Akasema zile ni gemu za waoga, mwanaume anaingia kwa mlango wa mbele. Akasema tena haziwezi kunoga watu wakicheza pamoja, maana wote mtajificha mpaka asubuhi. Akamalizia kwamba watu wa mikoani ndio bado wanahangaika na IGI.

Haya. Mimi ni wa mikoani. Ukitoka huko kwako unapita Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, ndio unatufikia sisi hapa Rujewa, makao makuu ya Mbarali, kwenye mchele unaokula. Na ndiyo, IGI tunacheza. Tuanzie hapo hapo.

Project IGI lilitoka mwaka 2000. Walilitengeneza Innerloop Studios, watu wa Norway, wala sio Wamarekani kama wengi mnavyodhani. Unakuwa David Jones, mtu mmoja dhidi ya kambi nzima. Kamera ikikuona king'ora kinalia, askari wanamwagika. Na halina kusevu katikati ya misheni: ukifa umebakiza hatua kumi, unarudi mwanzo kabisa. Mwoga gani anavumilia kitu kama hicho? Mimi nimeshawahi kuzima kompyuta kwa hasira, nikaenda nyumbani, nikarudi baada ya dakika kumi.

Ila lile la kwanza unacheza peke yako. Utamu ulikuja na IGI 2: Covert Strike la mwaka 2003, ambalo unaweza kucheza na watu wenzako. Na hapa ndipo nataka staa wetu atulie asikilize.

Mwaka 2016 nipo sekondari. Kulikuwa na steshenari moja hapa mjini yenye kompyuta mbili za Windows XP. Mchana mwenye duka anachapa barua na kutoa fotokopi, jioni akishafunga hesabu anatuachia kwa shilingi 500 kwa saa. Mashine mbili, waya mmoja wa mtandao kati yake. Hakuna intaneti, hakuna bando. Tatizo likawa moja tu: zilikaa meza moja, ukigeuza jicho unaona skrini ya mwenzako, na gemu la kujificha ukishaona skrini ya mwenzako limekufa. Basi tukafunga kamba, tukatundika khanga katikati. Khanga ya bi mkubwa wangu, na siku alipoikuta ina doa la soda sitaki kuielezea hapa.

Nilikuwa nacheza na mshikaji wangu ambaye sasa hivi anaendesha bodaboda. Unaingia kwenye ramani kubwa, watu wawili tu, na huoni mtu. Dakika tatu nzima kimya. Humuoni kwenye skrini, lakini yupo hapo sentimita hamsini kutoka kwenye bega lako, nyuma ya khanga. Unamsikia anavyopumua. Ukisikia mausi yake imekaa kimya sana unajua amelala chini na bunduki ya mdunguzi, anakusubiri utokeze kichwa. Akianza kuvuta makamasi ujue ana wasiwasi, hajui uko wapi. Sisi tulifika mahali tunabana pumzi kwenye gemu! Halafu unamfikia kwa nyuma, unachomoa kisu, na kabla hujabonyeza unamwambia polepole, bila kelele, "habari za jioni kaka." Aisee. Ile sauti aliyotoa siku ile mpaka mlinzi wa duka la jirani alikuja kuchungulia.

Sasa niambie kuua watu wengi na kelele nyingi kuna nini cha kufikia hapo.

Na usidhani ni mawazo ya watoto wa mpunga. Wakubwa wa gemu walishaliona hilo zamani. Mwaka 2004 Ubisoft walitoa Splinter Cell: Pandora Tomorrow, ndani yake wakaweka mchezo wa wawili dhidi ya wawili, Majasusi na Mamluki. Upande wa kucheza na wengine walipewa vijana wa tawi lao la Annecy, Ufaransa. Nisiwadanganye, hilo sijawahi kuligusa kwa mkono, nimelitazama YouTube kwa bando la usiku mpaka macho yakauma. Lakini angalia walivyolipanga. Mamluki ana bunduki ya kweli na tochi, ila anaona kwa macho yake tu, mbele. Jasusi hana bunduki ya kuua, ana shoti ya umeme na mabomu ya moshi, ila kamera yake iko nyuma ya bega kwa hiyo anaona kona ambayo mwenzake haioni. Mmoja ana nguvu, mwingine ana habari. Na jasusi akimkamata mamluki shingoni kwa nyuma, maiki inafunguka, anaweza kumnong'oneza sikioni. Mtu na mtu! Mimi na mshikaji wangu tulikuwa tunafanya hivyo hivyo Rujewa bila maiki, kwa gharama ya khanga.

Kwenye Conviction ya mwaka 2010 mchezo huo waliuacha. Mwaka 2013 kwenye Blacklist wakaurudisha, pamoja na ule mtindo wa zamani wa wawili kwa wawili. Staa wangu, kampuni hairudishi kitu ambacho hakivuti watu.

Halafu mtu wa hapa kwetu halihitaji maelezo marefu. Kila aliyewahi kulala shambani kulinda mpunga uliovunwa analijua gemu hilo. Wewe una tochi na rungu, unadhani ndiyo mwenye nguvu. Lakini tochi yako inamulika mita kumi, na yeye aliyeko gizani anaiona tochi kutoka ng'ambo ya mfereji. Kila ukiwasha unamwambia ulipo. Ukizima, unaogopa. Mwizi naye anaogopa, maana hajui kama mko mmoja au watatu. Sasa hapo mwoga ni nani?

(Kuna mzee mmoja mwenye cheo chake hapa, naye jina nalihifadhi, alisimama kwenye mkutano akasema gemu hizi ndizo zinafundisha vijana wizi. Shikamoo mzee. Mpunga wa Usangu umeibiwa kabla umeme haujafika, hao wezi walicheza nini?)

Turudi kwa mtu wetu. Nitampa haki yake kidogo, maana kuna watu wa kukampi, wale kwenye gemu za simu wanaojibanza bafuni na bunduki dakika ishirini. Hao wanaboa, nakubali, hata mimi nawatukana. Lakini anachanganya mambo mawili. Wa kukampi anakaa. Wa kunyatia anakwenda. Jasusi ndiye lazima avuke uwanja, aingie chumba chenye ulinzi, afanye kazi yake. Akijificha mpaka asubuhi ameshindwa, muda unaisha. Wote tumecheza kombolela utotoni. Kwenye kombolela anayebaki kichakani tu hamkomboi mtu. Shujaa ni yule anayetoka nyuma ya choo, anapita ukutani, na kukimbilia kituo wakati mlinzi kageuka. Mtaa mzima unamshangilia. Hiyo ndiyo stelthi, mwana, hata kabla hatujalijua neno lenyewe.

Kwa hiyo kwa nini anaziponda? Mimi nadhani ni biashara tu. Kwenye laivu kunyatia hakuuzi. Dakika tatu za kimya watazamaji wanahama. Anahitaji milipuko, anahitaji nguo mpya za mhusika, anahitaji watoto waombe elfu mbili nyumbani wanunue almasi. Gemu la waya na khanga halimlipi yeye wala kampuni yoyote. Angesema hivyo tungeelewana, kila mtu anatafuta riziki. Kutuita waoga ndio kunaniudhi.

Na hili la waya sio ushamba kama anavyodhani. Tarehe 15 Aprili 2010 Microsoft walizima Xbox Live ya Xbox ya kwanza, na waliokuwa wanacheza Pandora Tomorrow kwa njia hiyo wakaishia hapo. Mwaka 2024 Ubisoft hao hao wakazima seva za The Crew, gemu la magari la mwaka 2014, na ukilinunua kwa hela yako halali hata kucheza peke yako huwezi. Watu huko Ulaya wakachachamaa, saini zaidi ya milioni moja wakizitaka kampuni ziache gemu zikiwa zinachezeka. Sisi IGI 2 yetu ipo kwenye flashi. Juzi tumeiwasha, imekubali. Hakuna bosi wa nje anayeweza kuja kuchomoa waya mezani kwetu.

Onlaini naye tulishajaribu, msiseme hatukutaka maendeleo. Mwaka jana huyu huyu staa alitangaza mashindano ya gemu moja la simu. Kiingilio shilingi 5,000 kwa mtu, mshindi anapata simu mpya. Tulijichanga watano hapa kitaa, yule mshikaji wa bodaboda akatoa hela ya mafuta ya siku hiyo. Tukatuma. Siku ya mechi tukaambiwa imesogezwa wiki moja. Wiki ikaisha, tukaambiwa subirini tangazo. Baadaye posti ikafutwa, na tulipouliza kwenye komenti tukablokiwa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu.

Mtu aliyefuta posti usiku bila kuaga ndiye anasema sisi ndio tunajificha. Hahaha.

Basi mimi namuita hadharani. Staa, panda basi la Mbeya, shuka njia panda ya Rujewa, boda nitakulipia mimi na dereva wake unamdai, yaani anakudai. Ile steshenari bado ipo, kompyuta moja ilikufa lakini tumeazima nyingine. Waya upo. Khanga ipo, safari hii ni ya kwangu. Mechi kumi, wewe na mshikaji wangu, mlango wa mbele utumie wewe. Kiingilio bure.

Na uje na ile 25,000 yetu.