Lugha Isiyoandikwa Ina Sheria Zake

Wako waalimu wamwambiao mwanafunzi: "Wingi wa foot ni feet; usiulize sababu, Kiingereza hakina kanuni." Wako na wengine wasemao kwamba lugha isiyo na vitabu haina sarufi. Mimi nasema wote wamekosea, na shahidi wangu ni neno hilo hilo foot.

Yapata miaka 2,500 iliyopita, watu wa kusini mwa Skandinavia na kaskazini mwa Ujerumani walisema lugha iliyokuja kuwa mama wa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi. Hawakutuachia kitabu hata kimoja. Basi neno lao la mguu lajulikanaje? Kwa kulinganisha watoto. Kiingereza chasema foot, Kiholanzi voet, Kijerumani Fuß, na Kigothi cha karne ya 4 fotus. Kwa sura za hao ndugu mzazi wao alitambulikana: *fōts. Ile nyota ni ungamo la wataalamu kwamba neno halikuonekana popote limeandikwa.

Tena lina jamaa wa mbali: ped- ya Kilatini na pad- ya Kisanskriti. Mwaka 1822 Jacob Grimm alieleza kwamba p ya kale iligeuka f, na d ikageuka t, wala si katika neno hili peke yake, bali katika maneno mengi yaliyofuata njia moja.

Wingi wake ulikuwa *fōtiz. Sauti i ya mwisho iliivuta ō iliyotangulia, ikaibadili. Kisha mwisho ule ukadondoka, athari yake ikabaki. Ndiyo feet ya leo. Teeth na geese zilipita njia iyo hiyo. Je, hiyo ni fujo? Hasha! Hata sisi twasema ulimi mmoja, ndimi mbili, kwa kuwa n huigeuza l kuwa d. Bibi asiyejua kusoma hakosei hapo kamwe.

Atasema mtu: kukariri kwatosha kushinda mtihani. Kukariri ni lazima, sikatai. Lakini akaririye bila kuuliza hujifunza pia kudharau asichokielewa, na mwisho huidharau lugha ya mama yake.

Basi, kijana, ukiambiwa kwamba neno fulani halina sababu, jua kwamba sababu ipo, ila haijatafutwa. Itafute, katika Kiingereza na katika lugha ya kwenu pia.