Siku ya Tatu Imekwishapita

Wahenga wa pwani walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa sana, na aghlabu hutajwa kwa kumsimanga mgeni mvivu. Husahauliwa kuwa ina upande wa pili, nao ni amri kwa mwenyeji. Mwenye kutoa jembe ni mwenyeji. Akilificha jembe uvunguni, kisha akamlaumu mgeni kwa kutolima, lawama hiyo inamrudia mwenyewe. Jembe la mjini siku hizi ni usukani, na ruhusa ya kuushika huitwa leseni.

Ubungo ni mahali pazuri pa kuipimia methali hiyo. Kwa miaka mingi, hadi 2021, mabasi ya mikoani yalianzia na kukomea hapo, kabla ya kituo kuhamishiwa Mbezi Luis, ndani ya wilaya hiyohiyo. Mataa yaliyokuwa yakiwachelewesha wasafiri yamepisha barabara za juu zilizopewa jina la Kijazi. Mabibo kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachowafundisha madereva wa mabasi ya abiria. Wilaya nzima inakula kwa magurudumu. Kijana wa Manzese au wa Kimara asiye na mtaji wala cheti kikubwa, kazi ya kwanza aionayo mbele yake ni bodaboda, bajaji au daladala.

Njia ya kuifikia leseni inajulikana. Mwanafunzi husoma katika shule ya udereva, hupata leseni ya kujifunzia, hupimwa na Polisi, kisha Mamlaka ya Mapato Tanzania humpa kadi yake. Mwaka 2019 muda wa kadi hiyo ulirefushwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Katika mtihani wenyewe hupimwa mikono, macho na akili. Lakini kabla ya mtihani kipo kizingiti kisichohusiana na gari hata chembe. Leseni hutaka namba ya mlipakodi, na namba ya mlipakodi humtaka mwananchi awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa itolewayo na NIDA. Mgeni naye hutakiwa pasi na kibali cha ukaazi. Asiyekuwa na hiki wala kile, hata akiweza kulipitisha lori katikati ya Kariakoo saa sita mchana bila ya kumgusa mtu, kwake yeye mtihani haupo.

Ni nani basi huyu asiye na hiki wala kile? Wengi humdhania kuwa ni mtu aliyevuka mpaka jana usiku. Wapo wa namna hiyo, lakini wapo na wengine ambao nchi hii iliwaita yenyewe. Wakati wa ukoloni mashamba ya mkonge yaliwakusanya manamba kutoka Ruanda-Urundi, Nyasa na Msumbiji. Mkonge ulipoanguka bei, wao walibaki, wakaoa, wakazaa, wakazikana hapa. Wapo waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Kati ya hao, watu wapatao 162,000 wa makaazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni jambo la kheri, na Tanzania ilistahiki sifa iliyopata. Lakini waliojiishia vijijini mkoani Kigoma hawakuwemo katika hesabu hiyo. Na wapo Waha, wenyeji halisi, ambao lugha yao imefanana mno na Kirundi hata kilio chao cha kudhaniwa wageni kimesikika mara nyingi hadi Bungeni.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema kuwa aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanabalozi na wa maadui wa vita. Maneno hayo hayahitaji mfasiri. Hata hivyo, mbele ya meza ya karani swali haliwi "ulizaliwa wapi?" tu, huwa "baba yako alizaliwa wapi, na babu yako je?" Sheria inauliza juu ya ardhi, karani anauliza juu ya damu. Na jibu la damu ndilo linaloamua nani aruhusiwe kupimwa kama anaijua breki.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema dola isiyowajua watu wake haina usalama. Kwamba leseni ni hati nzito, ikitolewa ovyo itakuwa mlango wa nyuma wa kuingilia uraia. Na kwamba mvunja sheria ya uhamiaji hastahili zawadi. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini inawageukia wenyewe. Dereva aliyepigwa picha, akachukuliwa alama za vidole na kuandikwa anuani yake anajulikana. Asiyejulikana ni yule aliyefukuzwa mlangoni. Hoja ya pili dawa yake ni wino: kadi iandikwe wazi kuwa si ushahidi wa uraia. Na hoja ya tatu inaiita leseni zawadi, ilhali leseni ni deni la dereva kwa waendao kwa miguu. Anayepimwa hupimwa kwa ajili ya mama anayevuka barabara pale Shekilango na mtoto mgongoni. Sheria inayosimamia jambo hili, ya mwaka 1973, inaitwa Sheria ya Usalama Barabarani. Jina hilo halikutaja mipaka.

Utaratibu huu unazaa nini? Tumbo halingoji namba. Kijana aliyenyimwa mtihani hakai nyumbani. Hukodi pikipiki na kuingia barabarani bila ya kupimwa. Hupita vichochoroni, huchagua saa za giza, na akisimamishwa hununua ukimya wa aliyemsimamisha. Siku akimgonga mtu hukimbia, kwa kuwa akisimama hatajibu kosa la ajali peke yake, atajibu na kosa la kuwapo. Majeruhi hubaki hapo, na bima aghlabu hailipi kwa dereva asiye na leseni. Aliyepata hasara ni raia kamili, mwenye kitambulisho mfukoni.

Haya si makisio tu. Jimbo la California nchini Marekani lilianza Januari 2015 kutoa leseni kwa wahamiaji wasio na hati, na katika miaka michache leseni zaidi ya milioni moja zilitolewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kuwa ajali hazikuongezeka kwa sababu hiyo, ila visa vya madereva kugonga na kukimbia vilipungua. Sababu inafahamika na kila mtu: asiyeogopa kufukuzwa nchini husimama.

Msomaji wa visiwani asidhani haya ni mambo ya bara. Kwake yeye barua ya sheha na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi si habari ngeni. Wengi wanakumbuka uandikishaji wa wapiga kura wa 2009, na watu waliorudishwa kwa kukosa kadi hiyo katika kisiwa walichozaliwa. Na ng'ambo ya mlango wa bahari, huko Kilifi na Kwale, Wapemba waliishi kwa vizazi wakivua samaki wa Kenya bila ya kitambulisho cha Kenya. Kwa kukosa kitambulisho walikosa leseni ya uvuvi, wao ambao baadhi yao ndio waliowafundisha majirani zao kutega. Hadi Julai 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua, baada ya kuwatambua Wamakonde mwaka 2016. Aliyefurahi siku ile kwa ajili ya Mpemba wa Shimoni hana budi kuuliza habari za Mrundi wa Manzese.

Zanzibar yenyewe imekwishaonyesha njia. Mwaka 2024 watu zaidi ya 3,000 wenye asili ya Msumbiji, Ngazija, Burundi na Rwanda walipewa uraia visiwani humu. Lugha ya serikali iliwaita "wahamiaji walowezi". Wapenzi wa lugha wasiliache jina hilo lipite hivihivi. Kulowea ni kukaa mahali hata pakawa pako, kusahau njia ya kurudia. Mtu hawezi kuwa amelowea na bado akawa anahama. Maneno mawili yamefungwa kamba moja na yanavutana, na katikati ya mvutano huo mtoto huzaliwa, husoma, hukua, hufika umri wa kushika usukani, na bado anaitwa mpita njia.

Kiswahili hakikuwatendea hivyo wageni wake. Gari lilitoka Bara Hindi, usukani ukatoka Uarabuni, dereva na leseni yake wakatoka Uingereza. Maneno hayo yaliingia kwa kazi yaliyoifanya, yakapewa ngeli, na leo yanakaa ndani ya beti bila ya kuulizwa babu. Na kabla ya gari vilikuwapo vyombo. Nahodha aliyetaka baharia alimuuliza kama anazijua kusi na kaskazi, anaijua miamba, anaweza kukesha. Aliyemchagua kwa nasaba peke yake alizama na nasaba yake.

Linalotakiwa ni dogo, na linawezekana bila ya kubomoa dola. Mtihani wa udereva ufunguliwe kwa kila mkaazi awezaye kuonyesha mahali anapoishi, na mwenyekiti wa mtaa amthibitishe. Kadi itamke kuwa si hati ya uraia. Watoto wa waliolowea bara wapewe walichopewa wenzao wa visiwani. Na karani arudishwe kwenye kifungu cha 5, akisome kama kilivyoandikwa.

Mgeni wa methali alikaa siku mbili. Huyu wa Ubungo amekaa miaka hamsini, na wengine mia. Tayari anatubeba kwenda kazini alfajiri na kuturudisha usiku. Jembe amekwishalichukua mwenyewe, kwa kuwa mwenyeji alichelewa kumpa. Kilichobaki ni kuamua kama tutamfundisha kulima, au tutangoja atukate miguu.