Simu ya mwalimu isiwe dirisha la kuwachungulia wanafunzi

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati uo huo, kampuni moja inayokopesha pesa kupitia simu ilitozwa Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, na kuwasumbua kwa jumbe za vitisho. Wengi waliyaona hayo kuwa mambo mawili mbalimbali. Kwa hakika yanakutana mahali pamoja, napo ni katika simu ya mwalimu.

Simu hiyo sasa ni ofisi. Ndani yake mna alama za wanafunzi zinazosubiri kupelekwa kwa Baraza la Mitihani (KNEC), picha za kazi za darasani na nambari za wazazi. Humo humo mna picha za familia, programu za mikopo na michezo ya watoto wa nyumbani. Mwalimu anapoiruhusu programu ya mkopo isome majina yote, haitofautishi baina ya shemeji yake na mzazi wa mwanafunzi. Deni likichelewa, mzazi asiyehusika kamwe ndiye huenda akapigiwa simu.

Yafaa ifahamike kwamba programu zilianza kubisha hodi zamani kidogo. Tangu 2015, toleo la sita la Android liliziwajibisha kuomba ruhusa zinapohitaji kamera, kipaza sauti au orodha ya majina. Mnamo 2023, Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma majina na picha za mteja. Hata hivyo, marufuku hiyo haizifikii programu zinazopatikana nje ya duka hilo. Isitoshe, hodi haina faida iwapo mwenye nyumba huitikia "karibu" bila kutazama nani yuko mlangoni. Tochi inahitaji majina ya jamaa zako ya nini?

Basi kila mwalimu na mwanafunzi aingie katika mipangilio ya simu yake, aone ni programu ipi iliyopewa ruhusa gani, na aziondoe zile zisizo na sababu. Inapowezekana, programu ipewe picha chache zilizoteuliwa badala ya zote. Nazo kazi za shule zihifadhiwe katika akaunti ya pekee, mbali na mambo ya nyumbani.

Lakini si haki kumtwika mwalimu mzigo wote. Tangu 2014, Android imekuwa na njia ya kutenga sehemu ya kazi ndani ya simu, ili programu za upande mmoja zisiguse mambo ya upande wa pili. Sehemu hiyo aghalabu husimamiwa na mwajiri. Je, ni shule ngapi za umma zilizowahi kumtengenezea mwalimu sehemu kama hiyo? Mwalimu hutakiwa kutumia simu yake na fedha zake kufanya kazi ya umma, kisha siri zikivuja alaumiwe yeye.

Huenda ikasemwa kuwa shule zetu ni maskini. Naam, lakini simu moja ya shule inayofungiwa ofisini, pamoja na akaunti rasmi, haikaribii hata kidogo gharama ya faini iliyotajwa hapo juu. Ibara ya 31 ya Katiba inamhakikishia kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Sheria hizo hazikusema kwamba haki ya mtoto hukoma pindi jina lake linapoingia katika simu ya mtu binafsi.

Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) hazina budi kutoa mwongozo ulio wazi: ni habari zipi zinazoweza kuwekwa katika simu ya mwalimu, kwa muda gani, na nani atatoa vifaa. Mzazi humkabidhi mwalimu mtoto wake kwa imani, na amana hairudishwi ikiwa imetobolewa.