Daftari la Wiki: WAV, WAS, JML

Jumatatu. Nimemsindikiza mpwa wangu kumwandikisha bintiye darasa la kwanza, shule ya serikali huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam. Foleni imeanzia mlangoni mwa ofisi hadi chini ya mwarobaini, kila mzazi na cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha ya kaki. Enzi zetu cheti kilikuwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umeandikishwa. Mimi nilirudishwa nyumbani miaka miwili mfululizo. Hadi leo siwaamini watu wenye mikono mirefu.

Ofisini kuna ubao wa takwimu, mistari ya rangi nyeupe, namba za chaki: WAV, WAS, JML, yaani wavulana, wasichana, jumla. Darasa la kwanza namba zimebanana hadi zinagusa mstari. Ukipanda madarasa ya juu zinapungua, na safu ya wavulana inapungua zaidi.

“Mwalimu, vijana wa la sita wamekwenda wapi?”

“Mzee wangu, mmoja umempita hapo kona. Anachoma mahindi.”

Nilimpita kweli. Nilinunua na hindi.

Jumatano. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Serikali hutenga shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo hushuka shuleni. Nimezigawa kwa siku 194 za masomo: shilingi 31 kwa siku. Andazi la mama wa getini ni 100. Kwa kuwa fedha huja kwa kichwa, ungedhani shule yenye watoto wengi ni tajiri, lakini fedha hiyo haijengi chumba, wala haileti mwalimu. Mwongozo unataka watoto 45 darasani. Hapa la kwanza wanaingia kwa awamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na vumbi la wa asubuhi halijatua.

Alhamisi. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, hivyo mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na la sita la kwanza kuhitimu watamaliza pamoja. Kuna mtu anahesabu viti vya kidato cha kwanza?

Ijumaa. Tumerudi kuchukua karatasi ya mahitaji: sare, sweta ya kijani, rimu moja, fagio la chelewa. Mwalimu akalowesha kidole, akafuta namba moja kwenye safu ya WAS, akaandika nyingine. Chaki yake ilibaki kama punje ya hindi.