Mabua ya Mwea si Taka

Tangu kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka wa 1974, kisimame mwaka wa 2009, nchi yetu imekuwa ikitegemea ng'ambo kwa sehemu kubwa ya karatasi ya kuandikia. Hata kilipopata mwenyewe mpya mwaka wa 2016, utegemezi huo haukwisha. Si ajabu, basi, kwamba wapo wasemao tuyageukie mabaki ya mashamba yanayouzunguka Mlima Kenya: mabua ya mpunga wa Mwea, ya ngano ya Timau, na mashina ya migomba kutoka Murang'a hadi Meru. Wazo hilo ni zuri. Nachelea tu kwamba linaelezwa kwa wepesi usiolifaa.

Wala si geni. Wachina wa zama za Cai Lun, mwaka wa 105, walitengeneza karatasi kwa magome, katani na matambara. Gogo la mti lilitawala katika karne ya 19 tu. Hadi leo viwanda vya China na India hutumia mabua ya ngano na makapi ya miwa. Mwanafunzi akiuliza kama jambo hili lawezekana, mwalimu na amjibu: naam.

Lakini ni nani aliyesema mabua ni taka? Msafiri apitaye Mwea baada ya mavuno huona robota zikipakiwa malorini, zikipelekwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kiangazi kikizidi, bei yake hupanda. Mengine huchomwa shambani, hilo sikatai. Hata hivyo kiwanda kitakachokuja kitashindana na ng'ombe, na ng'ombe hulipa kila siku kwa maziwa.

Kuna na tatizo la kiufundi lisilotajwa majukwaani. Nyuzi za mpunga ni fupi kuliko za msonobari, na bua lake limejaa silika, ambayo ni kama mchanga. Bua huchemshwa kwa soda kali ili gundi inayoshikanisha nyuzi iyeyuke. Maji meusi yanayobaki, viwanda vikubwa vya magogo huyachoma na kuirudisha soda. Yenye silika huziba mitambo hiyo, na kiwanda kidogo aghalabu hakimudu mtambo wenyewe. Yatamwagwa wapi? Katika Thiba au Sagana, mito inayoingia Tana? Wakazi wa Webuye walilalamikia moshi na maji machafu miaka nenda miaka rudi.

Nionavyo mimi, mgomba unafaa zaidi kuanzia. Huzaa mara moja, kisha shina lake hukatwa na mara nyingi huachwa lioze. Nyuzi zake ni ndefu na imara. Ila shina ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na kulisafirisha mbali ni kusafirisha maji. Karakana sharti iwe karibu na shamba. Tena isikimbilie daftari jeupe. Ianze na maboksi na trei za mayai, zisizohitaji kung'arishwa kwa kemikali. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliongeza haja ya vifungashio vya karatasi.

Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko papo hapo Nyeri. Kipime nyuzi hizo, kikokotoe gharama ya kusafisha maji, kisha wakulima waambiwe bei ya kilo moja ya shina kabla ya yeyote kuwaahidi kiwanda.