Nta ya Majani na Dawa ya Magugu

Mkulima wa Dagoretti au Kabete anunuapo dawa ya magugu katikati ya Nairobi, kisha ndago isife, humlaumu mwenye duka, na pengine humwita mwizi bure. Jani la ndago limevikwa nta. Tone huteleza juu yake likaanguka. Glaifoseti, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huyeyuka katika maji, wala haipenyi nta kwa urahisi. Kiangazi huzidisha unene wa nta hiyo. Basi yafaa magugu yanyunyiziwe yangali machanga, mvua ikiisha kuyastawisha, kwa dawa yenye kiungo cha kulowesha majani. Tena maji yawe safi, si ya mtaroni, kwani udongo mwekundu wa Kabete huishika glaifoseti na kuiondolea nguvu kabla haijafika jani.